Namba Saba Haijapimwa

Machi 10, Jumatatu

Kuanzia leo daftari la karakana linaandikwa neno moja tu: PASI. Ndivyo alivyoagiza shemeji asubuhi, amesimama mlangoni na mwavuli unaochuruzika, kabla hata sijavua koti. Kwa hiyo wakati wa mapumziko nimevuka barabara nikanunua daftari hili la shule. Lile ni lake. Hili ni langu, na humu nitaandika ninachokiona.

Niseme mapema kazi yangu ni nini, maana hata mama yangu mzazi alikufa akiwaambia watu kwamba natengeneza redio. Karakana yetu inaunda jenereta ndogo, upana kama sahani ya kulia, za ndege ambazo watu wanajijengea wenyewe nyumbani. Wapo watu wa namna hiyo. Wanaunga mabomba, wanawamba kitambaa, wanafunga injini, halafu siku moja wanakaa ndani na kuondoka nayo. Jenereta yetu ni ngoma ya chuma yenye sumaku kumi na mbili zilizogandishwa ndani kwa gundi. Inazunguka juu ya koili, umeme unatoka. Shemeji, mume wa mdogo wangu, ndiye mwenye karakana na ndiye anayegandisha sumaku. Fundi mwenzangu, tunayemwita Kimya, anasuka koili. Jina lake la kwao sijalisikia miaka sita. Mimi ni wa mwisho. Naifunga jenereta kwenye benchi, naizungusha kwa mota, naifunika kwa sanduku la bati ipate joto kama la nyuma ya injini, naibebesha mzigo wa balbu za taa za gari, kisha naitazama masaa matatu bila kubanduka. Ikitoka hapo nzima, inapata cheti chenye saini yangu.

Sasa masaa matatu yamekuwa nusu saa. Jenereta kumi na mbili zinatakiwa kabla mvua hazijakata, kwa sababu kiangazi ndio msimu wa kuruka. Shemeji anasema nusu saa inatosha kujua kama kitu ni kizima. Nikamwambia hata ndoa yaweza kuonekana nzima kwa nusu saa. Kimya aliinamia koili zake, mabega yakimtikisika.

Machi 11, Jumanne

Mvua tangu alfajiri. Umeme umekatika mara tatu. Benchi limelala. Nimefagia.

Machi 13, Alhamisi

Amekuja mteja wa jenereta namba saba, mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Hakuuliza jenereta inapimwaje. Aliuliza cheti kitakuwa na mhuri au hakitakuwa nao, na kama karatasi ni nzito, kwa sababu anataka kuitia kwenye fremu. Nilimwona mtu mpumbavu, Mungu anisamehe. Anapanda angani na anachojali ni karatasi.

Machi 14, Ijumaa

Umeme haukukatika hata mara moja, asubuhi hadi jioni. Shemeji alifanya kazi akipiga mluzi.

Machi 17, Jumatatu

Namba nne imevunjika kwenye benchi.

Niliifunga saa mbili na nusu asubuhi. Nusu saa ya shemeji ikapita, kila kitu shwari: volti kumi na nne, ampia kumi na nane, sindano imetulia. Shemeji akaandika PASI, akatoka kwenda kutafuta waya. Nilipaswa kuzima. Sikuzima. Mwili tu ulikataa; miaka tisa nimezoea masaa matatu, na mkono haukwenda kwenye swichi.

Saa moja na nusu ya mzunguko, joto lilipita digrii tisini. Hilo si ajabu. Kisha nikasikia harufu, si ya waya unaoungua, ni kama ya kiatu kipya kikipata jua. Sindano ya ampia ikaanza kucheza. Nilikuwa nimeinua mkono nizime, na hapo, dakika ya mia na saba, ngoma ikalia kama sufuria iliyotupwa kwenye sakafu. Kitu kiligonga bati la kinga mbele yangu. Balbu zote zikazimika kwa pamoja.

Sumaku moja ilikuwa imechomoka mahali pake, ikakwaruza koili mpaka shaba ikaonekana. Bati limebonyea usawa wa titi langu la kushoto. Kimya aliacha kazi yake, akaja, akatazama mbonyeo ule, akanitazama mimi, akarudi kwenye stuli yake. Nilimwona mwoga siku zote, na leo nimemwona mwoga zaidi.

Lazima nieleze hili, kwa sababu siku moja nitasahau kwa nini nilikasirika kiasi hiki. Injini za ndege hizi hazina moto wa kujitegemea. Cheche zinatokana na umeme, na pampu ya mafuta inaendeshwa na umeme. Jenereta ikifa angani, inabaki betri. Betri ikiisha, inabaki kimya.

Shemeji aliporudi nilimwonyesha. Alisema kosa ni la benchi: mkanda haukunyooka, mtetemo ndio uliong'oa sumaku. Nikaandika katika daftari lake yote niliyoyaona, ukurasa mzima, na nikaweka saini.

Machi 18, Jumanne

Nimelipima benchi kwa uzi kutoka puli hadi puli. Limenyooka. Nimelipima tena. Limenyooka vilevile.

Machi 19, Jumatano

Umeme umekatika saa saba mchana, umerudi saa kumi. Mvua haina aibu.

Machi 20, Alhamisi

Umeme umekatika mara moja. Mdogo wangu amenitumia kitambaa cha pazia kwa ajili ya chumba changu. Nakaa uani kwao tangu nilipofiwa na mume, miaka mitano sasa, na hajawahi kunifanya nijione mgeni.

Machi 21, Ijumaa

Namba sita imezunguka masaa matatu kamili bila kutikisika. Nilifanya hivyo shemeji akiwa amesimama pembeni, mikono kifuani, kwa ruhusa yake, alitaka nione. Ilipofika mwisho akazima mwenyewe na kusema, kwa upole kabisa, kwamba nimezoea kutafuta ubaya.

Nimerudi nyumbani nikiwa na wasiwasi na nafsi yangu. Benchi ni lilelile, gundi ni ileile, mkono ni uleule uliogandisha. Kwa nini moja ichomoke na nyingine isichomoke?

Machi 25, Jumanne

Nilifungua daftari la karakana kutafuta joto la namba nne. Ukurasa haupo. Haukuchanwa kwa hasira. Umekatwa kwa wembe, taratibu, karibu na uzi, mpaka ukipitisha jicho tu huwezi kujua.

Nilimuuliza shemeji ukurasa uko wapi. Akauliza ukurasa gani. Nikasema ule unaoujua. Hapo akaweka chini bisibisi.

"Shemeji, karakana hii ni ya nani?"

"Ni yako. Na anayepanda angani ni wa nani?"

Aliiokota tena bisibisi. Kisha akasema kuanzia leo Kimya ndiye wa benchi, mimi nitafungasha. Nilivua aproni nikaikunja vizuri, nikaiweka juu ya mota. Kimya hakuja kuichukua mpaka nilipotoka nje.

Machi 26

Nimefunga maboksi.

Machi 27

Maboksi.

Machi 28, Ijumaa

Mdogo wangu amekuja chumbani na vikombe viwili vya chai. Alizunguka sana: habari ya mvua, habari ya shule za watoto, habari ya meno ya mumewe. Mwishowe akasema mumewe halali vizuri, na kwamba kama ningeweza kuwa mpole kidogo msimu huu tu, yote yangepita. Nilimwambia mimi ni mpole; benchi ndilo kali. Hakucheka. Alichukua vikombe vyote viwili, na changu kilikuwa bado kimejaa.

Aprili 3, Alhamisi

Namba saba imeondoka jana. Namba nane ilitangulia juzi, kwa daktari wa mifugo mmoja anayetumia ndege yake kuzungukia ng'ombe wa mbali. Leo nilikuwa nafungasha vifaa nikaona kitabu cha nakala za vyeti. Cheti cha namba saba: imepimwa masaa matatu, hali nzuri. Mjaribu: jina langu. Chini yake saini, ile yenye mkia ninaouvuta kushoto.

Cha namba nane vilevile.

Niliketi juu ya boksi. Nilijaribu kukumbuka, kwa sekunde moja ya upumbavu, kama labda nilisaini nikasahau. Kisha nikaona kwamba mkia umevutwa kulia.

Aprili 5, Jumamosi

Karakana imefungwa leo lakini ufunguo wa stoo ninao, na hakuna aliyeniambia niurudishe.

Nilitafuta ngoma ya namba nne kwenye chuma chakavu. Shemeji ana tabia ya kuchora tarehe kwa msumari kwenye ukingo kila anapogandisha sumaku, kama mtu anayechora jina la mpenzi wake kwenye mti. Namba nne: 11/3. Nikaenda kwenye daftari lake la uzalishaji kutazama zilizobaki. Namba tano na namba sita: 14/3. Namba saba: 19/3. Namba nane: 20/3. Moja, mbili na tatu ni za Februari, nilizipima mwenyewe kwa utaratibu wa zamani.

Tarehe kumi na moja. Nilijua nimeiona mahali. Nikafungua daftari hili.

Machi 11, umeme umekatika mara tatu. Machi 14, haukukatika. Machi 19, umekatika saa saba hadi saa kumi. Machi 20, umekatika mara moja.

Gundi ile haikauki yenyewe. Inataka kuokwa ndani ya tanuri kwa masaa mawili ya moto mmoja usiokatika. Tanuri letu ni la umeme.

Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Kimya, nikamkuta akiziba bati linalovuja. Nilimsomea tarehe akiwa bado juu ya ngazi. Alishuka taratibu. Alisema aliona tanuri likizimika tarehe kumi na moja na tarehe kumi na tisa, na alimwona shemeji akilifungua, akigusa gundi kwa ukucha, akilifunga tena.

"Kwa nini hukusema?"

"Nina watoto wanne, dada. Na wewe ulikuwa unasema kwa niaba ya watu wote."

Nilitaka kumtukana. Badala yake nikamshikia ngazi mpaka akamaliza kuziba.

Aprili 6, Jumapili

Nimekwenda kwa Mwalimu.

Nyumba yake ina ukuta mmoja wa matofali mapya, kwa sababu alibomoa wa zamani ili ndege iingie sebuleni. Makochi yamepangwa barazani chini ya turubai. Mbawa zimelazwa kwenye meza ya kulia na zimewambwa kitambaa cheupe. Mke wake alikuwa ameinama juu ya bawa la kulia akishona kwa sindano iliyopinda, na rula imetiwa kwenye mkanda wa kanga.

Nilimwambia Mwalimu namba saba haijapimwa. Alikwenda ndani akarudi na cheti. Kweli amekitia kwenye fremu.

"Hii si saini yako?"

"Jina ni langu. Mkono si wangu."

Alikasirika, na si kwa shemeji, kwangu. Alisema amejenga ndege hii miaka saba, kila mwezi kuna mtu anakuja kumpa sababu ya kuacha, na sasa hata fundi wa jenereta. Alisema kama nina ugomvi wa kifamilia nikaumalize na familia. Nilikuwa nimeshaanza kuinuka. Ndipo mke wake, bila kuinua kichwa kutoka kwenye bawa, akauliza.

"Betri ikibaki peke yake, tuna dakika ngapi?"

"Ishirini," nikasema. "Ishirini na tano mkiwa na bahati."

"Na kuvuka milima mpaka kwa binti yetu, Mwalimu, ni dakika ngapi?"

Mwalimu aliishusha fremu. Anajua hesabu.

"Ile sehemu ya milima yenyewe? Arobaini."

Mke wake alikata uzi kwa meno. Alisema ndege ina viti viwili na cha pili ni chake. Alisema mishono ya mbawa hizi imeachana kidole kimoja kimoja, ameipima yote kwa rula, hakuna hata mmoja aliokadiria kwa macho. Basi yeye hataketi nyuma ya kitu alichokadiria mtu mwingine. Kisha akamwambia mumewe alete spana.

Aprili 7, Jumatatu

Walifika saa tatu asubuhi, wote wawili, namba saba imeviringishwa kwenye taulo kama mtoto mchanga. Jana nilikuwa nimeiandika ubavuni, ule uliotokeza nje ya taulo, kwa rangi nyekundu: HAIJAPIMWA. Shemeji aliona maandishi kabla ya kuona watu.

Nilimwambia mteja anataka kipimo cha masaa matatu mbele ya macho yake. Shemeji alimkaribisha Mwalimu kiti, akamsifu, akamwambia kipimo kilishafanyika. Mwalimu akaweka fremu juu ya meza. Hakuna aliyeigusa. Shemeji akageuka kwangu, akasema kwa sauti ya chini kwamba benchi ni lake, mota ni yake, swichi ni yake, na mimi ni wa maboksi.

Kimya akainuka. Alivaa ile aproni yangu, akachukua namba saba kutoka mikononi mwa mke wa Mwalimu, akaifunga kwenye benchi, bolti nne, moja baada ya nyingine.

"Wa benchi ni mimi," alisema. "Uliniweka mwenyewe."

Akabonyeza swichi.

Tulisimama nyuma ya bati la kinga. Robo saa, nusu saa, saa nzima. Mke wa Mwalimu aliandika joto kila dakika tano kwenye kiganja. Saa moja na dakika ishirini, umeme ukakatika. Mvua ilikuwa imeshaanza kupiga paa. Katika kelele ile mota ilisimama na hakuna aliyesikia ikisimama, tuliona tu balbu zikififia.

Shemeji alisema basi, imezidi nusu saa mara mbili na ushei, mnataka nini tena. Nikasema kesho tunaanza sifuri.

Jioni mdogo wangu alikuja tena, safari hii bila chai. Alisema, "Dada, ukiendelea hivi, kile chumba..." na akashindwa kumaliza. Nilimhurumia. Nilitoa begi chini ya kitanda, nikatia nguo mbele yake, nikaliweka karibu na mlango ili asilazimike kumaliza sentensi ile siku nyingine. Nikamwambia kesho nakwenda kazini kama kawaida, na nikitoka kazini atanijulisha nilale wapi.

Aprili 8, Jumanne

Tulianza saa mbili kamili. Umeme ulikuwepo. Shemeji hakukaa, alitembea kutoka dirishani hadi kwenye tanuri, kutoka tanuri hadi dirishani.

Saa moja. Saa moja na nusu. Dakika ya mia na saba, ile ya namba nne, ikapita, na sindano ikatulia tuli. Shemeji akavuta pumzi. Masaa mawili. Sitaficha: hapo nilianza kuogopa. Si kuogopa kwamba itavunjika. Niliogopa kwamba haitavunjika, na nitabaki mwanamke aliyebomoa nyumba ya mdogo wake kwa sababu ya tarehe kwenye daftari la shule. Mwalimu alisogea pembeni ya bati ili asome kipimajoto vizuri zaidi. Nilimvuta kwa ukosi wa shati, bila adabu yoyote, mtu wa miaka sabini.

Masaa mawili na dakika tano, harufu ikaja. Kisha mlio. Safari hii zilichomoka mbili. Moja ilitoboa sanduku la joto, ikapita pale Mwalimu alipokuwa ameinamisha kichwa, ikavunja kioo cha dirisha na kutua nje kwenye matope.

Kimya alizima mota. Nje mvua ilikuwa ndogo sasa. Mke wa Mwalimu alikwenda dirishani, akatazama tundu, akarudi akamsafisha mumewe bega, ingawa hapakuwa na kitu begani.

Shemeji aliketi juu ya boksi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Alizungumza kama mtu anayesoma barua ya mwingine. Alisema kila umeme ulipokatika aliandika dakika zilizokwisha, ulipowashwa akaendelea kuhesabu kutoka pale. Dakika arobaini asubuhi, hamsini mchana, thelathini jioni. "Nilikuwa najumlisha," alisema. "Nilijua gundi haijumlishi. Lakini umeme usingetulia kabla mvua hazijakata, na kumi na mbili zilikuwa zimeahidiwa."

"Na saini?"

"Saini niliiandika mimi."

Nilitarajia kuona jambazi. Nilimwona mtu mwenye mikono yenye malengelenge ya tanuri. Hata hivyo sikumhurumia, na naandika hivi nisije nikajidanganya baadaye. Nilimwekea daftari lake mbele. Nikamwambia aandike mwenyewe, kwa mwandiko wake, namba nne na namba saba, dakika ngapi na kilichotokea, na kwa nini. Aliandika. Ilimchukua muda. Mwalimu alitoa cheti kwenye fremu, akakikunja mara nne, akakipachika kati ya kurasa hizo. Fremu akabaki nayo.

Niliporudi nyumbani begi halikuwepo mlangoni. Nguo zangu zilikuwa zimetundikwa, na pazia jipya limeshaning'inizwa. Mdogo wangu alikuwa akipika, amenipa mgongo. Nilikaa jikoni nikamenya vitunguu.

Aprili 9, Jumatano

Inabaki namba nane. Imegandishwa tarehe ishirini, siku ambayo umeme ulikatika. Na iko angani.

Aprili 12, Jumamosi

Daktari wa mifugo amepokea simu mara ya sita. Sauti yake ni ya mtu anayezungumza huku ameshika kitu kinachorukaruka. Anasema jenereta inafanya kazi vizuri, ameruka nayo mara nne, nusu saa nusu saa. Jumamosi ijayo anakwenda mashamba ya mbali, safari ya masaa mawili na zaidi. Nilimweleza yote. Akasema ametibu ng'ombe miaka thelathini, akimwona mgonjwa anamjua. Nikamwambia ng'ombe akiugua anaacha kula. Jenereta inakula mpaka dakika yake ya mwisho. Akakata simu.

Aprili 18, Ijumaa

Shemeji alitaka kumwandikia daktari barua. Nikamwambia barua itamkuta amekwisha kuruka. Nimefika kijijini kwake kwa lori la mchanga, matope mpaka magotini. Nimelala kwenye chumba cha wageni wa soko.

Aprili 19, Jumamosi

Uwanja wake ni kipande cha nyasi nyuma ya josho la ng'ombe. Nilimkuta akijaza mafuta. Ni mrefu, ana buti za mpira, na hakuuliza mimi ni nani, alijua. Alisema nimesafiri bure. Nikachukua dumu tupu, nikaligeuza, nikalikalia mbele ya propela, mita moja.

Aliniambia niondoke. Nikasema awashe tu. Akaniuliza kama nina wazimu. Nikamwambia nina spana, namba kumi na tatu, na kazi yenyewe ni dakika kumi na tano.

Alizunguka ndege yake mara tatu. Akaenda kumtazama ndama mmoja, akarudi. Akawasha redio, akaizima. Manyunyu yakaanza, sikufungua mwavuli kwa sababu kwa kweli sikuwa nao. Wafanyakazi wawili wa josho walikuja kutazama, wakaegemea uzio, mmoja akaniletea gunia nijifunike. Baada ya masaa mawili daktari alikuja akachuchumaa mbele yangu.

"Mama, kuna ng'ombe sitini wanaharisha kule."

"Nenda kwa gari."

"Barabara imekatika."

"Basi nenda kwa miguu. Utafika."

Alinitukana, tusi la wastani, kisha akafungua bolti za kifuniko cha injini mwenyewe.

Aprili 22, Jumanne

Namba nane. Masaa matatu. Haina tatizo.

Aprili 23, Jumatano

Namba nane tena. Masaa matatu, sanduku la joto limezibwa kabisa. Haina tatizo.

Aprili 24, Alhamisi

Mara ya tatu. Kimya alishika saa, mimi nilishika kalamu. Haina tatizo.

Shemeji alikumbuka akiwa amesimama nyuma yetu: tarehe ishirini umeme ulikatika asubuhi, kabla hajawasha tanuri. Iliokwa mchana, masaa yake mawili mfululizo. Daftari langu liliandika "mara moja." Halikuandika saa ngapi. Hilo ni kosa langu na limo humu kwa mwandiko wangu.

Aprili 25, Ijumaa

Daktari amekuja kuichukua. Alikwenda kwa ng'ombe wale kwa punda, siku mbili, kumi walikufa. Aliniambia hilo kwanza, kabla ya salamu, na nililipokea.

"Kwa hiyo ilikuwa nzima tangu mwanzo," akasema.

"Ilikuwa nzima."

"Na ungenizuia tena?"

"Ningekuzuia. Ila ningefika mapema, uanze safari ya punda mapema."

Alikisoma cheti chote pale pale, amesimama: masaa matatu mara tatu, joto kila robo saa, majina ya watu watatu. Alichukua jenereta akatoka. Nilidhani ameondoka. Akarudi mlangoni na mvua mabegani, akauliza kama tunapima na pampu za mafuta.

Mei 2, Ijumaa

Mvua imekata. Namba tisa ilikuwa ya Mwalimu, badala ya namba saba. Walikuja wote wawili na chupa ya chai, ndege imeshatolewa sebuleni, binti yao anawasubiri Jumapili. Imezunguka vizuri, masaa mawili na dakika hamsini na nane. Kisha beringi ikaanza kulia.

Dakika mbili. Shemeji alinitazama. Kimya alinitazama. Beringi kulia kidogo si sumaku kuchomoka. Ingemaliza dakika zile, ningeapa. Nilizima, nikaandika HAIKUPITA.

Aliyeleta spana kuifungua ni Mwalimu. Alimkabidhi shemeji jenereta, naye akaichukua kwa mikono miwili, akarudi nayo mezani kwake, akavuta taa karibu.

Mei 6, Jumanne

Namba kumi. Masaa matatu. Nimesaini. Mwalimu ameichukua.

Mei 10, Jumamosi

Simu ya binti wa Mwalimu saa sita mchana. Wamefika. Masaa matatu na dakika kumi na moja. Mama yake amelala muda wote wa milima. Alitaka kuongea zaidi, alikuwa analia kidogo. Nilimwomba radhi. Namba kumi na moja ilikuwa kwenye benchi, dakika ya themanini, na macho yangu yalikuwa kwenye sindano.